Kichwa cha Meya

Shangazi yangu ni mfinyanzi, lakini ukimwendea kutaka mtungi utarudi mikono mitupu. Yeye anafinyanga wakubwa: hakimu anayesinzia kitini, mwenyekiti mwenye matumbo mawili, bosi mwenye midomo minne na sikio hata moja hana. Watu huingia bandani kwake, wakacheka mpaka wakajishika mbavu, kisha wakachungulia nje wasije wakawa wameonekana. Mashujaa wetu hao.

Banda lenyewe liko kwenye kiwanja cha manispaa. Kwa hiyo Meya alipotaka sanamu ya kichwa chake iwekwe ukumbini, hakuomba. Alimtuma katibu wake, suti imembana, aseme kwamba kikipendeza banda litabaki, kisipopendeza Shangazi atafute pengine pa kuchezea udongo.

Alikifinyanga wiki tatu. Kilikuwa kizuri hata kikaniudhi. Katibu akaja kukikagua kabla hakijachomwa, akakiinamisha, akaona tundu chini ya shingo.

"Hii nini, mama?"

"Pa kupumulia. Ndani mna uwazi. Hewa ikikosa pa kutokea, kitapasuka tanuruni."

"Mheshimiwa atobolewe? Ziba!"

"Baba, kitapasuka."

Katibu akavua saa, akachota udongo kwa kidole, akaziba mwenyewe na kupapasa kama anayembembeleza mtoto. Shangazi akanyamaza. Mtu ambaye hajawahi kumwachia mtu neno la mwisho, akanyamaza! Nami, kwa ujinga wangu, nikadhani ameogopa.

Siku ya kuchoma tulisikia kishindo hadi jikoni. Kichwa kilisambaratika, kikapasua na ukuta wa tanuru. Katibu alisema ni hujuma, na kuhusu kidole chake hakukumbuka chochote. Wiki haikuisha, tingatinga likaja.

Nililia bila aibu, kisha hasira zikanipanda. Shangazi alikuwa anakunja aproni zake, hana habari.

"Shangazi, si ungelitoboa tena lile tundu alipoondoka? Nani angejua? Banda lingekuwepo!"

"Lingekuwepo," alisema. "Lakini kila siku wao wanaziba, na sisi tunawatobolea kwa siri wasipasuke. Halafu tunashangaa mbona bado wapo. Nimechoka, mwanangu. Shika huku tubebe meza."