Kuku wa Rangi ya Kucha

Norbert Gulyas wa Toledo, Ohio, alikuwa mtu mwenye akili zake timamu, mradi usimtajie chupa. Ukimtajia chupa, umekwisha. Atakushika mkono, akuburute hadi gerejini kwake, akukalishe juu ya ndoo, na hutoki mle mpaka ukiri kwa kinywa chako kwamba mkia wa kuku una manyoya saba, si sita kama wanavyodai wapumbavu wa Cleveland.

Chupa yenyewe ni ile ya kwenye televisheni. Zamani, Norbert alipokuwa bado anavaa kaptura, kulikuwa na mchezo wa kila wiki uitwao Dawa ya Bi Prudence. Huyo Bi Prudence alizunguka nyikani na mkokoteni, akiwa na chupa moja ya kijani iliyochorwa kuku mwekundu, na dawa iliyokuwamo ilitibu kila kitu: jino, talaka, ukame, hata ujambazi. Mchezo ulikwisha, chupa ikapotea, hakuna ajuaye ilikoishia. Lakini watoto waliokuwa wakiutazama wamezeeka, wana vitambi na pensheni, na sasa kila mmoja anataka chupa ile ikae juu ya kabati lake. Nayo iwe ileile, jamani, si ya kufanana!

Sasa iwe ileile vipi, wakati hakuna kati yao aliyewahi kuishika? Hapo ndipo penye kazi. Wanaisimamisha picha kwenye televisheni, wanasogeza pua mpaka kioo kinaingia ukungu, wanapima kwa rula. Kama mchoraji wa enzi hizo alikuwa na haraka zake akadondosha tone la rangi chini ya jicho la kuku, basi tone hilo limekuwa faradhi. Ukimuuzia mkusanyaji chupa isiyo na tone, atakurudishia kwa matusi, na kwenye mkutano hatakupa mkono.

Norbert alikuwa amestaafu kazi ya kupiga rangi magari, sasa alichora nakala za chupa hiyo na kuziuza, na mkono wake ulikuwa laini ajabu. Ukipitisha kidole juu ya kuku wake husikii kitu, utadhani kuku kazaliwa humohumo ndani ya kioo. Mkewe, Arlene, ndiye aliyezifunga chupa kwa magazeti, akazipeleka posta, akapokea simu za wateja waliolia kwa furaha na za wale waliotukana. Brashi hakuruhusiwa kuigusa.

"Norbi, niachie basi nipake hata miguu," alimwambia siku moja.

"Miguu! Unaijua miguu wewe? Mguu wa kulia umepinda kwa sababu yule mchoraji alikuwa mtu wa shoto."

"Nani kakwambia?"

"Kivuli, mama. Kivuli kinasema."

"Mimi kivuli kingenisemesha ningekwenda hospitali," Arlene akasema, akarudi kwenye magazeti yake. Norbert akafunga kabati la rangi kwa kufuli, maana hakuupenda ule mzaha.

Kilichokuwa kinamkosesha usingizi Norbert ni Kizibo cha Dhahabu. Kila mwaka wakusanyaji wanakutana katika hoteli moja huko Fort Wayne, wanapanga chupa zao mezani, na iliyo karibu zaidi na ile ya asili inampatia fundi wake kizibo kilichopakwa dhahabu, pamoja na heshima ya kusalimiwa kwanza na kila mtu. Na kila mwaka kizibo kilikwenda kwa Dakta Whitcomb, mwenyekiti wa chama, daktari wa meno aliyechora kuku kwa vifaa vilevile anavyochokolea meno ya watu. Norbert alikuwa wa pili, wa pili, wa pili tena. Alikitaka kizibo kile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani, na ninasema hivyo Arlene akinisikia.

Mwaka huo ukaja na habari iliyowatia wazimu wote. Mwamuzi angekuwa Velda Fontaine mwenyewe, yule mwigizaji aliyekuwa Bi Prudence, bibi wa miaka tisini na ushei, mtu pekee aliye hai aliyeishika chupa kwa mikono yake. Atakalosema ndilo. Norbert akajifungia gerejini majira yote ya baridi na chupa moja tu. Hata chakula alikipokelea mlangoni, mkate na soseji, kama mfungwa. Ilipokuwa tayari, Arlene akaja na magazeti yake aifunge.

"Usiiguse!" Norbert akapiga kelele. "Hii naifunga mwenyewe."

Akaifunga mwenyewe. Walipofika Fort Wayne, mbele ya hoteli, akafungua buti la gari, na boksi likamteleza. Loh! Chupa ikavunjika vipande visivyohesabika, na kichwa cha kuku kikabingirika chini ya gari la Dakta Whitcomb. Norbert akaketi kwenye ukingo wa barabara akalia, mzee mzima, kofia mkononi.

"Majira mazima ya baridi, Arlene. Na meza ikikaa tupu wananifuta chamani."

Arlene akapekua kikapu chake. Humo alikuwa na chupa nyingine, ya kwake, aliyoichora jikoni wakati mume kajifungia na kuku wake. Kwa kuwa rangi zilikuwa chini ya kufuli, alitumia rangi yake ya kucha, nyekundu, nzitonzito, akaipaka tabaka juu ya tabaka. Alikuja nayo ili aweke maua kwenye meza ya mauzo.

"Weka hii."

Norbert akaitazama. Kuku alikuwa mnene, jicho limemtoka kama anayecheka, manyoya yamevimba vinundu vinundu.

"Arlene, huyu kuku ana mimba."

"Kuku hawana mimba, Norbert. Weka, usifutwe."

Akaiweka, kwa aibu, kuku akiwa amegeuziwa ukutani, na jina lake Norbert Gulyas kwenye kadi mbele yake. Arlene akaenda kusimama kwenye meza ya mauzo, hatua chache tu kutoka pale, akaendelea kufunga chupa za wateja.

Velda Fontaine aliingia kwa miguu yake, na fimbo, ananuka sigara. Ukumbi mzima ukasimama. Dakta Whitcomb akamkimbilia na miwani ya kukuzia na taa ndogo.

"Ondoa hivyo vitu," bibi akasema. "Macho yangu yalikwisha tangu zamani. Nipe chupa."

Watu wakaguna. Miaka yote hiyo walikuwa wakibishana juu ya vivuli, na leo hakimu haoni! Akachukua chupa ya kwanza, akafumba macho, akapitisha kidole gumba. "Siyo." Ya pili: "Siyo. Laini mno, kama sahani ya hoteli." Akafika kwa Dakta Whitcomb. "Huyu kuku mmemnyoa?" Daktari akawa mwekundu kuliko kuku wake. Bibi akaendelea, siyo, siyo, siyo, mpaka akafika kwenye ile iliyogeuziwa ukutani. Kidole kikasimama. Kikarudi. Uso wa yule bibi ukafunguka wote.

"Ooh, huyu hapa! Huyu hapa, kuku wangu mbaya! Mnajua zile taa zilikuwa na joto gani? Mikono inatiririka jasho. Bila hivi vinundu chupa ingeniponyoka kila wiki. Na nilipokuwa nasahau maneno, nilikuwa navikuna kwa kucha, hivi, mpaka yanijie." Akainua kichwa. "Ni nani aliyemchora?"

Norbert akageuka akamtazama mkewe. Arlene alikuwa ameshika gundi ya karatasi, hajasogea. Hakumkonyeza, hakumtolea macho, alisubiri tu. Norbert akakitazama kizibo, kinang'aa kwenye kitambaa chake cha buluu.

"Ni mimi," akasema.

Makofi yakalipuka. Arlene naye akapiga, mara mbili, akarudi kwenye gundi yake. Na uongo, ukishatoka, unataka nguo. Watu walipomzunguka wakimuuliza alijuaje kuhusu vinundu, Norbert akawaeleza bila haya kwamba alivigundua kwenye kivuli, katika ile sehemu ya Bi Prudence na wezi wa ng'ombe, akavitafakari muda mrefu. Watu wazima wakaitikia kwa vichwa. Dakta Whitcomb akaomba kugusa, akagusa, akajipangusa machozi. Akaagiza chupa ya kwanza palepale, na nyuma yake wakapanga foleni.

Njiani kurudi, kizibo kilikuwa mapajani kwa Norbert.

"Ilikuwa ghafla, Arlene. Nilikuwa nimechanganyikiwa. Natumaini umenielewa."

"Nimekuelewa vizuri sana," Arlene akasema. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha.

Basi ikabaki kazi ndogo tu: kuchora. Norbert akaenda dukani akanunua rangi ya kucha, muuzaji akamtazama juu chini, naye akajifungia gerejini. Kuku akatoka laini. Akarudia, laini. Mkono uliosugua magari miaka yote hiyo haukujua kukosea. Akachanganya rangi na unga wa mahindi, kuku akaota ukurutu. Akachanganya na mchanga, kuku akawa barabara ya kijijini. Mwisho akaja jikoni, kajaa wekundu mpaka kwenye nyusi.

"Mama, nifundishe."

"Nikufundishe nini? Uliwaambia umechora wewe. Chora."

"Arlene, nakuomba."

"Kaulize kivuli."

Siku zikapita hivyo. Chakula aliwekewa, nguo alifuliwa, ila mazungumzo hakuna. Na Norbert, nisimwonee, alikuwa anampenda mkewe, na kile kizibo kilianza kumchoma kila alipokiona. Asubuhi moja akakaa mezani, Arlene akiwa anamenya viazi, akampigia simu Dakta Whitcomb, na akaweka sauti ya simu nje ili mkewe asikie kila neno.

"Daktari, sikiliza. Ile chupa sikuichora mimi. Kaichora mke wangu, Arlene. Nilisema uongo mbele yenu wote."

Kisha kikaja kicheko kirefu cha daktari.

"Norbert, Norbert! Unadhani mimi mtoto? Unalinda siri ya vinundu."

"Naapa, daktari."

"Tena unampa mkeo sifa! Yule mama wa kufunga maboksi! Bwana wee, wewe ni mtu na nusu."

Akakata simu, na wiki hiyohiyo jarida la chama likaandika ukurasa mzima juu ya unyenyekevu wa fundi Gulyas, bingwa asiyejikweza, anayediriki kumwachia mkewe utukufu wake. Wakamchagua makamu mwenyekiti. Arlene akalisoma jarida mpaka mwisho huku anakunywa kahawa. Kisha akafuta meza kwa kitambaa.

"Leta chupa," akasema. "Na hiyo rangi yangu."

Akachora palepale jikoni. Alichora bila rula na bila picha, mkono mzito, anaimba kwa pua, na kuku akanenepa mbele ya macho yao, jicho linacheka, vinundu kila mahali. Norbert alisimama nyuma yake akashangaa kama mgeni aliyeingia nyumba ya watu. Chupa ilipokauka, Arlene akaandika jina lake chini ya kitako, Arlene Gulyas, kwa herufi kubwa. Norbert ndiye aliyeifunga kwa magazeti na kuipeleka posta kwa Dakta Whitcomb.

Simu ikalia mwisho wa wiki. Norbert akaiweka mezani, sauti nje, akatabasamu kwa mkewe.

"Norbert, kuna tatizo," daktari akasema. "Hii chupa si yako."

"Kweli kabisa, si yangu! Ndicho nilichokuwa nakuambia."

"Basi hata wewe umegundua. Nimeipitisha kidole mchana kutwa. Vinundu vipo, lakini havina roho. Ni vya kuigiza. Tena mjinga mwenyewe kaandika jina la mkeo chini, kasoma jarida letu huyo. Kuna mtu anakughushi, ndugu yangu, hadi anwani yako kaiandika kwenye boksi. Nikurudishie, au niipige nyundo?"

"Ni ya Arlene, daktari. Zote mbili ni zake. Nilikudanganya wewe, nikamdanganya yule bibi, nikawadanganya watu wote ukumbini." Norbert akainamia simu. "Niamini basi, nakuomba."

"Hodari wewe, huachi!" daktari akacheka. "Haya, iwe yake. Mimi nataka ya kwako."

Arlene akafuta mikono kwenye aproni, akasogea kwenye simu. "Daktari, usiipige nyundo. Irudishe nyumbani," akasema, akakata.

Norbert alikuwa analia, safari hii bila kofia ya kujifichia. Alitaka kusema samahani, akaisema, ikatoka nyembamba.

"Siku ile yalikutosha maneno mawili, Norbert," Arlene akamwambia, wala hakupandisha sauti. "‘Ni mimi.’ Wakakuamini palepale, kipofu na wenye macho. Ungesema ‘ni yeye’, wangekuamini vilevile."

Arlene akavuta bakuli la viazi, akamsukumia kisu cha pili, wakamenya.