Mashine Niliyoipamba

"Wifi, mdomo wako ungekuwa betri, mashine hii ingewaka bila ufunguo! Boti ikitembea sina jina, ikikwama mimi mwizi!"

Hayo aliyasema wifi yangu, kitinda mimba wa nyumba ya mume wangu, amesimama ndani ya boti yangu pale gatini, sanduku la spana miguuni, mikono kiunoni. Alikuwa na haki ya kufoka. Mbele ya wapagazi na abiria nilikuwa nimetoka kutangaza, kwa sauti ya mnadi, kwamba mwezi uliopita alinifungia kaboni za mtumba, vile vipande vya kupitishia umeme, ndani ya stata ya kuwashia mashine, kwa bei ya mpya.

Nilikuwa nimepagawa. Asubuhi ile mwalimu mkuu alikuwa anakuja kuchagua boti ya kuvusha watoto wa shule wa ng'ambo, kazi ya mwaka mzima, na mashine yangu kuukuu ukigeuza ufunguo inajibu "nyaaa... nyaaa... nya," kama mtu anayeamshwa akalime shamba la mkwe. Nilishanunua betri mpya. Stata ikaendelea kuzunguka kivivu vilevile.

"Betri nzima?" akauliza.

"Mpya kuliko wewe!"

"Basi funga mdomo, upige stata nikisema."

Huyo ndiye wifi yangu. Baba yao alipofariki, kaka zake waligombania kiwanja, yeye akaomba sanduku la spana. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Leo ada za watoto wao analipa nani? Na kucha anapaka rangi nyekundu, anasema grisi haitamfanya asahau kuwa ni mwari wa mtu. Waume wawili wamempita. Wote, kwa maelezo yake, walikuwa wanapiga kelele bila kwenda mbele.

Nikapiga stata, nikapiga tena. Yeye akaanza kugusa waya kwa kidole, sehemu kwa sehemu, kama mama anayepima homa. Kwenye kichwa cha betri, baridi. Waya nyekundu inapoingia kwenye stata, baridi. Alipofika pale waya nyeusi inapofungwa kwenye chuma cha injini, akarudisha kidole upesi.

"Gusa hapa."

Nikagusa, nikaruka.

"Umeme ukibanwa njiani unatoa joto. Kwenda unakwenda, wifi. Njia ya kurudi ndiyo hauna."

Akachukua waya nene ya kubusti betri, ncha moja akaibana kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. "Piga!"

Mashine ikazunguka kwa nguvu na kuwaka papo hapo. Wapagazi wakapiga vigelegele. Mimi sikupiga, maana wifi alishaizima, ametoa waya zote kwenye betri, na sasa anafungua ile nati iliyotuunguza vidole.

"Wifi, hii bluu imetoka wapi?"

Nikatazama maji.

Niliipaka mimi. Mwalimu mkuu anakuja, mashine ina kutu, nifanyeje? Wenzangu wakipaka rangi huzunguka nati kama mvivu anayefagia kuzunguka kitanda. Mimi hufagia mpaka uvunguni! Nikafungua waya, nikapaka chini yake mara mbili, ikakauka ikang'aa, nikairudisha na kuikaza. Nikajipongeza.

"Kwani rangi haipitishi umeme?" nikauliza kwa sauti ya mgonjwa.

"Ukivaa soksi mbili, unausikia mchanga?" Akatikisa kichwa. "Uzuri wa mkakasi..."

"Ndani kipande cha mti," nikamalizia haraka. Ukichelewa kumalizia, anakuongezea yake.

Akaparua bluu yangu kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, akasafisha kichwa cha waya, akakaza, akapaka grisi kwa juu. Mwalimu mkuu alipofika, nikagusa ufunguo tu, mashine ikanguruma. Akaizunguka, akainama, akatabasamu.

"Nimependa hii rangi," akasema. "Inaonyesha mwenyewe anajali. Jumatatu uanze, mama."

Wifi akashikwa na kikohozi kilichomlazimu kuinamia majini.

Mgeni alipoondoka nikafungua kibeti. Wifi akakisukuma. "Msasa siutozi. Unachodaiwa wanakingoja hawa," akawaonyesha wapagazi kwa kidevu.

Nikawatazama. Hakuna aliyeondoka, wambea wakubwa. Nikapanda juu ya magunia ya unga ya abiria.

"Jamani! Kaboni zilikuwa mpya. Hapa hapakuwa na mwizi. Palikuwa na mpaka rangi."

"Nani huyo?" akauliza mmoja, akijua kabisa.

"Mimi."

"Hatusikii huku!"

"Ni miye! Miye na brashi yangu!"

Wakacheka mpaka mzigo ukawadondoka. Wifi akafunga sanduku lake, akanipa mkono.

"Deni limelipwa, wifi. Shuka sasa, unapasua unga wa watu."