Mizizi ya Mvinje wa Bibi

Mpaka leo nikipita karibu na mvinje kukiwa na upepo, nikausikia ule mvumo wake kama wa mtu anayepuliza chai, narudi mji wa Ibra, kule Uarabuni, uani kwa Bibi.

Bibi aliuotesha mvinje wake kwa mbegu alizotoka nazo Unguja. Watoto wa jirani walisema una majani kama nywele. Mimi nikiwacheka, kwani Bibi alikwisha nionyesha: vile ni vijitawi vyembamba vyenye pingili, na majani yenyewe ni vijimeno vidogo vilivyozunguka kila pingili. Mchezo wetu ulikuwa kuchomoa pingili, kuirudishia pale pale, mwenzio abahatishe ulipochomoa.

Nilikuwa na miaka kumi pale maji ya falaji, mfereji unaonywesha mitende ya mtaa mzima, yalipopungua. Mafundi wakachimba, wakatoa fungu la mizizi lililouziba. Wazee wakasema ni mizizi ya mti wa ghafu wa jirani yetu, Ami Hamdani, mti alioachiwa na babu yake. Msumeno ukaletwa. Ami Hamdani alisimama tu, mkono kwenye gome.

Bibi akatoka, mtandio kichwani, akaokota mzizi mmoja. Ulikuwa na vinundu vilivyoshikana kama tangawizi. Akaugeuzageuza, kisha akanivuta karibu. Kiarabu cha Ibra kilikuwa kikimshinda, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake.

"Waambie huu si wa ghafu. Vinundu hivi ni vya mvinje. Ni wangu."

Nilipigwa na butwaa. Pale hapakuwa na mwengine aliyejua Kiswahili. Ningeweza kusema lolote.

"Bibi, hawajui," nikamnong'oneza.

"Najua kama hawajui. Sema, mwanangu."

Nikasema, na sauti ilinitoka kama si yangu. Msumeno ukahamia uani kwetu. Mvinje ulianguka kabla ya adhuhuri, na Bibi akawapikia kahawa wale wale waliouangusha. Mimi chakula kilinikataa siku mbili. Niliona Bibi ana moyo mkavu.

Nilishakuwa mtu mzima mama aliponihadithia namna Bibi alivyoondoka Unguja. Alipokonywa nyumba kwa jambo asilolitenda, na majirani waliokuwa wakiujua ukweli walikaa barazani kwao, kimya, wakimtazama akitoka na mtoto mgongoni. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini siku ile hakuniruhusu kunyamaza.