Nilisoma Talkini Juu ya Kaburi Tupu

Nimekosa. Nalitanguliza neno hilo kabla sijaanza kujitetea, maana nimejitetea miaka mingi na hofu haijapungua hata chembe. Jina langu mniachie. Nina miaka arobaini na kitu. Nilihitimu msahafu, nikasoma na vitabu viwili vitatu baada yake, na kwa elimu hiyo kila msafara niliofuatana nao uliniita mwalimu na kunipa kazi ya kuzika.

Kuzika nilikujua. Kukaa na mtu anayekufa, hapo ndipo nilipoanguka.

Tulikuwa tunatoka Kabambare kurudi Kasongo, ndui ikaingia kambini. Rafiki yangu Feruzi, mshika bunduki, mropokaji asiye na mfano, aliamka uso umejaa malengelenge. Mkuu wa msafara akaamuru ajengewe kibanda cha majani karibu na mto Luama, mimi nibaki naye.

"Mwalimu, akipona mje wote wawili," akasema. "Akifa, unajua la kufanya."

Wakaniachia mchele, jembe, na kitambaa cha merikani cha sanda. Wakaenda zao.

Siku ya kwanza nilimnywesha maji kwa mkono wangu. Siku ya pili nilimsukumia kibuyu kwa fimbo, nimesimama mlangoni. Aliiona ile fimbo! Akacheka, midomo imepasuka.

"Sasa mimi ni nyoka, ndugu yangu?"

Nikaivuta fimbo nyuma.

Asubuhi ya siku ya tatu nilimwita mara moja, kutoka mbali. Kimya. Sikuingia. Sikumgusa. Nikajiambia amekufa, nikakimbia, jembe na sanda nikaviacha nje palepale. Mpaka leo sijui kama alikuwa amekufa au amelala. Yarabi, sijui!

Nilipofika Kasongo, mama yake Feruzi alinishika mkono kabla sijakaa.

"Ulimuosha mutoto wangu?"

"Nilimuosha, mama."

"Ulimulaza upande gani?"

"Wa kuume. Uso kibla."

"Na talkini?"

Talkini ni yale maneno anayosomewa maiti akishafukiwa, akumbushwe namna ya kuwajibu malaika watakaomuuliza.

"Niliisoma yote, mama."

Akalia, kisha akafuta macho kwa kanga yake. "Alhamdulillahi. Watoto wa wenzangu wanaliwa na fisi njiani. Wangu iko na kaburi."

Matanga yakakaliwa, hitima ikasomwa, na msomaji nilikuwa mimi. Wali wa hitima niliula. Masikini mimi, niliula na kushiba!

Nilidhani yamekwisha. Mpunga ulipovunwa, mama akataka nimpeleke kaburini. Nikasema mto umejaa. Nikasema njia ina vita. Hakubishana, alifunga mzigo wake tu. Basi nikamwambia nitatangulia kufyeka majani.

Hata kule kwenye kibanda sikuthubutu kufika. Nilisimama kwenye mwinuko kando ya njia, jirani na kijiji kimoja, mwendo wa nusu siku kabla ya mto. Mama ningemwambia kwamba Feruzi alijikokota nami mpaka pale, ndipo akafa. Nikakusanya udongo, nikaupanga, nikaweka jiwe kichwani. Urefu sikuujua, kwa hiyo nilijilaza chini nipime. Kaburi lile lina kimo changu mimi.

Mama alipofika alikaa chini, akalipapasa kama mtu anayeamsha mtoto.

"Wee Feruzi! Leo ndiyo unanyamaza? Na ulivyonisumbua kwa kelele, hata kuku walikuwa wanakukimbia!" Akacheka, akalia. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, musomee tena. Nisikie na mimi."

Nikasoma. Nikauita udongo kwa jina la mtu. Nikauambia usiogope wakija wale wawili. Sauti ikanitetemeka, na mama akanipigapiga mgongoni.

"Ulimupenda sana," akasema.

Hakurudi Kasongo. Alijenga kibanda kijijini pale, akawa anapalilia kaburi kila Ijumaa. Kila nilipopita na msafara nilimletea chumvi, na kila mara niliapa moyoni kwamba leo nitamwambia. Alikuwa akinipikia sombe, yale majani ya muhogo, ananisimulia utoto wa mwanawe, na mimi nikawa natazama chini.

Mara ya mwisho nilimkuta amefariki alfajiri ileile. Wanakijiji walifurahi kuniona, maana sasa yupo wa kumsomea. Alikuwa ameusia azikwe ubavuni mwa mwanawe.

Mchimba kaburi, mzee wa kabila la Wabangubangu, alichimba karibu mno, udongo wa ubavuni ukaporomoka. Akasimamisha jembe.

"Mwalimu, njoo uone. Upande wa mutoto udongo haujaguswa. Mizizi imepita mizima."

"Ni zamani, mzee. Imeota tena."

"Mizizi hii ni mikubwa kwa umri kuliko wewe." Akanitazama kutoka shimoni. "Na mifupa iko wapi? Ulizika nani hapa?"

Nikamgeuzia mgongo. Akaendelea kuchimba, kwa sababu maiti alikuwa anangoja juani.

Nikamsomea mama. Nilipofika pale pa kumwambia asiogope, nilikwama, nikaanza upya. Yeye sasa, huko alikokwenda, alikuwa anajua. Nilikuwa nikimtuliza mtu aliyekwisha kujua nilichomfanyia mwanawe!

Niliondoka kabla kaburi halijanyunyiziwa maji. Tangu siku hiyo ni Nyangwe, ni Ujiji, ni Tabora, mwezi mmoja hapa, mwezi mmoja pale. Naililia Kasongo, harufu ya mchele mpya ukitwangwa, vicheko vya barazani. Siwezi kurudi. Kule bado wananisifu kwamba nilimzika Feruzi vizuri.

Misafara ikipishana njiani, huwakagua wenye makovu ya ndui usoni, mmoja mmoja. Naogopa kwamba mmoja wao ataniita ndugu yangu.

Nawasihi mnaosoma haya. Ukiachiwa mgonjwa, ingia ndani umshike. Ikiwa hofu imekushinda, ukakimbia, basi kimbilia kwa mama yake useme umekimbia. Yule mama angenitukana, angenipiga mbele za watu. Kisha angejitwika kibuyu chake cha maji akaenda Luama mwenyewe, siku ileile, na huenda angemkuta mwanawe anapumua.