Gauni Pana Siku ya Harusi

Harufu ya kitenge kipya kikipigwa pasi ya makaa hunirudisha Kasongo, nyumbani kwa shangazi, dada yake baba. Nililetwa huko kwa pikipiki kutoka Kabambare ili nisome, nikiwa sijamzoea yeyote. Shangazi alikuwa na mabinti watatu waliosukana pamoja, wakacheka pamoja, na kunipisha njiani kama mgeni. Hawakunitesa, walinisahau tu. Kwa hiyo binti mkubwa alipopata mchumba, na shangazi akanikatia kipande cha kitenge cha harusi, kile cha kijani ambacho wanawake wote wa familia wangevaa, nilikishika kwa mikono miwili nikaona sasa nimekuwa wa nyumba ile.

Taabu ilikuwa mshono, au modeli, kama walivyouita Kasongo. Wenzangu walishonewa blauzi ya kubana kifua, yenye mabega yaliyovimba. Mimi nilikuwa nimeanza kuota matiti na nilijionea haya. Nikivaa nguo ya kubana nilitembea nimejikunja. Nilizoea magauni mapana aliyonishonea mama kwa mkono, yanayoingiza upepo mpaka unasahau kwamba una mwili. Nikamwomba fundi wa sokoni anishonee la namna hiyo. Aliacha kukanyaga cherehani, akaniuliza, “Shangazi yako iko anajua?” Nikamjibu kwamba kitambaa ni kilekile. Nilidhani kitambaa ndicho udugu. Sikujua kwamba katika nyumba ile udugu ulikuwa kitambaa pamoja na mshono wake.

Siku ya harusi gauni lilinikaa vizuri mno. Kwa mara ya kwanza tangu nifike Kasongo nilinyoosha mgongo, nikacheza. Halafu mpiga picha akaanza kupanga familia, na shangazi akanitazama toka juu mpaka chini. Hakukasirika. “Mutoto, wewe simama kwanza kando,” alisema kwa upole. “Watu watauliza huyu iko wa nani.” Nikaenda kusimama karibu na masufuria, nikalia bila sauti. Nilitamani mama awepo, na mama alikuwa mbali, ng'ambo ya barabara mbovu na mvua. Wakati huohuo nilijua kwamba nguo ile ilinipendeza, na nisingeivua hata kama wangeniita nirudi.

Siku hizi sivai mshono mwingine. Magauni yangu ni mapana, yana mifuko mikubwa, na wasichana wa mtaani kwetu humwomba fundi awashonee kama yangu bila mtu kuwasimamisha kando. Mwili wangu umestarehe kuliko wakati wowote wa utoto. Binamu zangu wananiheshimu, tukikutana tunasalimiana vizuri. Ila harusi ikikaribia, kitenge cha familia hupita nyumba hadi nyumba, na kwangu hakifiki. Juzi nilimuuliza yule mdogo wao. Alinishika mkono, akanieleza kwa wema kabisa: “Tulisema tusikusumbue, dada. Wewe iko na modeli yako.”