Kuta Mbili za Elektroni

Mama yangu alikuwa akisomesha watoto wa mtaa juzuu za Kurani barazani kwetu Kipawa, bakora mkononi, na mimi nilihifadhi mbele ya bakora ileile. Ukikosea, hakukwambia umekosea nini. Aligonga sakafu mara moja, akasema, "Rudi mwanzo." Ndivyo nilivyojifunza kila kitu, na njia hiyo haikuwahi kuniangusha. Kidato cha nne na cha sita nilifaulu kwa kumeza.

Kwa hiyo mwaka wa pili chuoni, kemia ilipotuletea mekanika ya kwanta, hesabu za mwenendo wa vichembe vidogo kabisa, niliimeza nayo. Tulianza na boksi: elektroni moja imefungiwa kati ya kuta mbili, na mwenendo wake unaandikwa kama wimbi ambalo kwenye kila ukuta lazima liwe sifuri. Mhadhiri alisema kwa boksi hilo mtu anaweza kueleza hata rangi ya karoti, maana elektroni zake zinatembea ndani ya molekuli ndefu, na urefu wa njia hiyo ndio boksi lenyewe. Mimi karoti sikuitaka. Nilitaka mistari kumi na minane ya hesabu, nikaihifadhi barabara. Mama alinishikia daftari, kidole kikifuata alama asizozijua, na ndege ikipita juu ya bati letu aliinua mkono nisubiri.

Mtihani ukaja na boksi lilelile, ila sifuri ya kupimia, pale umbali unapoanza kuhesabiwa, ilikuwa katikati ya boksi badala ya ukutani. Niliandika mistari yangu yote bila kubadilisha hata nukta, na wimbi langu likawa kubwa kabisa palepale ukutani lilipotakiwa kutoweka. Nikapata sapu, mtihani wa marudio. Nikifeli na hiyo, nadisko: nafukuzwa masomo, na nikitaka tena chuo niombe upya mwaka wa kwanza, kama watanipokea.

Nilichanganyikiwa. Nikafanya kitu pekee nilichokijua, nikahifadhi na boksi hilo la pili. Siku moja mama alinikatisha katikati ya kusoma.

"Hivi hicho kichembe, nani kakifungia humo?"

"Mama, wewe fuata mistari tu."

Nilimjibu kwa sauti ambayo mpaka leo sijajisamehe. Ukweli ni kwamba jibu sikuwa nalo, na niliogopa sana kuligundua hilo mbele yake. Akainama, akaendelea kufuata mistari.

Sapu ilileta duara. Molekuli ya benzini, kaboni sita zimeshikana mikono, elektroni zinazunguka. Sikuwa na mstari hata mmoja wa duara. Mkono ukaanza wenyewe kuandika ulichozoea, nikalijengea duara lile kuta mbili, nikajaza kurasa tatu. Zilipobaki dakika chache swali la mama likanirudia. Hakuna aliyezifungia. Duara halina ukuta. Wimbi linatakiwa tu, likirudi lilipoanzia, lijikute vilevile. Nilielewa. Kwa mara ya kwanza tangu nianze shule nilielewa kitu ambacho sikukihifadhi, na msimamizi alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua karatasi yangu.

Nilidisko. Nilimwambia mama jikoni, akiwa anakwangua karoti za kachumbari. Hakuuliza watu watasema nini, ingawa mtaa mzima ulishazoea kuniita mwalimu tangu niingie chuo. Alimaliza karoti iliyokuwa mkononi, akanawa, akaenda kuleta daftari.

"Haya, nisomee mie."

Nilitaka kumwambia daftari lile sasa ni la kufungia karanga. Ningeweza kulichana pale pale. Lakini alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, kidole juu ya mstari wa kwanza, nikakosa moyo. Nikasoma. Nilipoufikia mstari wa kuta niliuruka makusudi, kwa hasira, kwani nani angejua.

Kidole chake kikasimama. Hakujua mstari ule ulisema nini, lakini alijua ulipokuwa. Bakora ilikuwa barazani, akagonga sakafu kwa kiganja.

"Rudi mwanzo," akasema.