Kopo la Kwanza

Wifi yangu 'Malineo hakuwa mlevi, na atakayesema vinginevyo aje anikabili mimi. Alikuwa mpika pombe. Huku kwetu milimani Lesotho, mpika pombe akishatundika bendera nyeupe nje ya ua kutangaza kuwa pombe imeiva, hujaza kopo la kwanza na kulinywa mwenyewe mbele ya wateja. Asipolinywa, watu huuliza ametia nini. Kila pipa lina kopo lake la kwanza, na kila kundi jipya la wateja hutaka kulishuhudia.

Ndiyo maana nesi Puseletso alipomuuliza zahanatini kama anakunywa pombe, alijibu hapana bila kupepesa jicho. Kwake kuonja kulikuwa kazi, kama vile kuonja chumvi ya mboga. Akapewa vidonge vya sonona. Alivimeza majira yote ya baridi, na bado alfajiri nilimkuta akikoroga pipa huku machozi yanamtiririka.

"Meza peremende zako, malkia," mama yangu alikuwa akimwambia mkwewe. "Sisi tuliozaa saba tulilia lini?"

Nilikuwa nikisikia maneno hayo natamani kumrukia, mama yangu mzazi.

Kisha siku moja tukamkuta 'Malineo bwawani, maji yamemfika kifuani, blanketi likiwa bado limefungwa mabegani. Nilimvuta kwa pindo la blanketi hilo hilo.

Safari hii nesi alikuja nyumbani. Alipoyaona mapipa akauliza nani huonja. Nikamtajia makopo ya siku moja tu, naye akashika kichwa.

"Pombe huutuliza ubongo kwanza, mtu akajiona mwepesi," alisema. "Ubongo nao hujizoesha. Unapunguza nguvu za kemikali zake za utulivu na furaha, unazidisha zile za wasiwasi. Pombe ikimtoka, anabaki chini kuliko alipoanzia. Vidonge vinamwinua, kopo linamshusha."

"Basi aache leo hii," nikasema.

"Usithubutu. Aliyezoea akikata ghafla anaweza kupatwa na degedege, hata akafa. Tutapunguza kidogo kidogo, nikimwangalia mimi."

Wakapunguza mpaka akaacha kabisa. Usingizi ulimrudia, akaanza hata kugombana na kuku, nami nikafurahi mno. Nesi akamwonya asiiguse tena pombe. Lakini kupika hakukuachika, maana mapipa yale ndiyo yaliyotulisha sote.

Jumamosi alipotundika tena bendera, ua ulijaa. Akachota kopo, akamnyooshea Ntate Sekhonyana, mzee mfuga farasi mwenye mdomo kuliko farasi wake. Sekhonyana hakulipokea.

"Anza wewe, 'Me," akasema, kama tunavyowaita kina mama.

"Sinywi tena, Ntate. Niko kwenye dawa."

"Dawa ya kichwa, tunajua. Mwanamke ametoka kujizamisha juzi, leo ananipikia pombe asiyoionja mwenyewe. Unatafuta wa kukusindikiza kaburini?"

Wachache walicheka. Wengine wakarudi nyuma, mmoja akaanza kufunga blanketi lake aondoke. Wakiondoka hao, hakuna ambaye angekanyaga ua ule tena.

"Nipe, nitaonja mimi," nikasema.

"Wewe utakunywa chochote atakachokupa," Sekhonyana akanijibu. "Mnalala chumba kimoja."

Nilimtazama wifi yangu. Kopo lilikuwa linapanda taratibu kuelekea mdomoni mwake. Nilimjua. Angelinywa hilo ili tule, kisha la pipa la pili, na mimi ningerudi bwawani kumtafuta.

Mama akainuka mkekani. Tangu avae joho la kanisa hakuwa ametia tone la pombe mdomoni. Alilichukua kopo mkononi mwa 'Malineo, akalinywa lote hadi mashapo, macho hayabanduki kwa Sekhonyana.

"Pombe ya ua huu sasa naionja mimi," alisema akijifuta mdomo. "Mwenye hofu aende kwake. Kuna mwingine mwenye neno, au mnywe?"

Sekhonyana akanyoosha kopo lake.

Mama akamgeukia mkwewe, naye bado amesimama pale pale, mikono mitupu.

"Na wewe unangoja nini hapa? Ingia ndani. Saa ya peremende zako imefika."